Mraba kamili au siyo: uivunje namba, uichuje, au uitafutie kipeuo?

Chukua namba mbili, 54756 na 54796. Zimepishana tarakimu moja tu, ile ya makumi. Moja ni mraba kamili, yaani ipo namba nzima ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata. Nyingine siyo. Ipi ni ipi?

Wengi wetu tulifundishwa njia moja ya kujibu: vunja namba hadi vigawo tasa, kisha angalia kama kila kigawo kina mwenzake. Ni njia sahihi, sina ugomvi nayo. Ila kwa swali hili hasa, la mraba au si mraba, mimi huishika mwisho kabisa. Kwa karibu maswali mengine yote yanayohusu miraba, ndiyo ninayoishika kwanza. Nitaziweka njia tatu bega kwa bega na kuzipitisha namba hizohizo mbili, uone kila njia inakupa nini na inakudai nini.

Kwanza tuelewane maneno. Kipeo ni ile namba ndogo inayokaa juu, inayosema kigawo kimejirudia mara ngapi: katika 2⁴, kipeo ni 4. Kipeuo cha pili ni safari ya kurudi: kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Herufi moja inayatenganisha maneno haya mawili, na imewaponza watu wengi kwenye karatasi za mtihani.

Kuvunja hadi vigawo tasa

Tuanze na 54756. Gawa kwa 2 upate 27378, gawa tena kwa 2 upate 13689. Hii ni witiri, kwa hiyo 2 imekwisha. Ingia kwenye 3: 4563, 1521, 507, 169. Na 169 ni 13 × 13. Kwa hiyo

54756 = 2² × 3⁴ × 13²

Vipeo vyote ni shufwa: 2, 4, 2. Vigawe nusu, vinakuwa 1, 2, 1, na kipeuo kinajitokeza chenyewe: 2 × 9 × 13 = 234. Huu ndio mraba wetu.

Sababu ni nyepesi. Ukiizidisha namba kwa yenyewe, kila kigawo chake tasa kinahesabiwa mara mbili, kwa hiyo kila kipeo kinakuwa maradufu, na maradufu ya namba nzima siku zote ni shufwa. Na kwa kuwa kila namba nzima inayozidi 1 ina mvunjiko mmoja tu wa namba tasa (ukiacha mpangilio), hata kinyume chake ni kweli: vipeo vyote vikiwa shufwa, hakuna njia ya namba hiyo kutokuwa mraba.

Sasa 54796. Mbili mbili: 27398, 13699. Kwa 3 haikubali, kwa 5 haikubali, kwa 7 inakubali: 1957. Je, 1957 inagawanyika tena kwa 7? Hapana, inabaki 4. Basi kazi imekwisha hapo. Ile 7 haina mwenzake, na kigawo tasa kimoja kilichobaki mpweke kinatosha kuiangusha namba nzima. Nimeona watu wakiendelea hadi mwisho, wakajaribu 11, 13, 17, wakaikuta 19 × 103, wakaandika 2² × 7 × 19 × 103 kwa mwandiko mzuri, ndipo wakasema si mraba. Hawakukosea, wamejichosha tu.

Udhaifu wa njia hii unaonekana ukipewa namba kama 1018081. Jaribu 2, 3, 5, 7, 11… Namba tasa zilizo chini ya 1000 ni 168, na hakuna hata moja inayoigawa hii. Utatwanga maji kwenye kinu mara 168, halafu jaribio la 169 likufungulie mlango: 1018081 = 1009 × 1009. Kwa kalamu na karatasi hiyo ni adhabu. Kwa kompyuta namba hiyo ni mchezo, lakini ugumu unakua kwa kasi mno kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Namba inayoitwa RSA-250, yenye tarakimu 250, ilivunjwa Februari 2020 kwa kazi ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa miaka 2700 hivi. Wakati huohuo, kujua kama namba ya ukubwa huohuo ni mraba au siyo ni kazi ambayo simu yako inaimaliza kabla hujapepesa jicho. Usalama wa RSA, mfumo wa kuficha ujumbe wa siri ulioipa namba hiyo jina, unategemea ugumu wa kuvunja. Ungetegemea ugumu wa kutambua miraba, usingedumu hata siku moja.

Kuchuja kwa baki

Hapa hatuvunji chochote. Tunaangalia namba inaacha baki gani ikigawanywa kwa kitu kidogo, kwa sababu miraba inachagua sana mabaki yake.

Chujio linalojulikana zaidi ni tarakimu ya mwisho, ambayo kimsingi ni baki la kugawa kwa 10. Mraba unaishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9 tu. Namba inayoishia na 2, 3, 7 au 8 huna haja ya kuigusa. Watu wengi huishia hapo, na ni hasara, maana tarakimu mbili za mwisho zinasema mengi zaidi. Kati ya miisho 100 inayowezekana, kuanzia 00 hadi 99, miraba inatumia 22 tu. Huhitaji kuikariri: ikiishia na 1, 4 au 9, makumi lazima yawe shufwa, ikiishia na 6, makumi lazima yawe witiri, ikiishia na 5, lazima iwe 25, ikiishia na 0, lazima iwe 00. Kwa hiyo 11, 111, 1111 na ndugu zao wote wa moja tupu wanaanguka kwa mkupuo, hata ziwe na tarakimu milioni.

Chujio la pili ni kujumlisha tarakimu hadi ibaki moja. Mraba hutoa 1, 4, 7 au 9, basi. Ukiunganisha hili na lile la tarakimu mbili za mwisho, zinazopita ni 88 katika kila namba 900, chini ya asilimia 10. Si haba kwa kazi ya sekunde chache.

Zipitishe namba zetu. 54756 inaishia na 56: mwisho 6, makumi witiri, sawa. Jumla ya tarakimu ni 27, halafu 9, sawa. 54796 inaishia na 96: sawa. Jumla ni 31, halafu 4: sawa pia! Machujio mawili yanayopendwa kuliko yote yameziachia zote mbili, na moja tunajua ni ya bandia. Ndiyo maana nilizichagua.

Hapo ninalitoa chujio ninalolipenda mwenyewe. Toa nne zote zilizomo ndani ya namba, yaani gawa kwa 4 mara nyingi iwezekanavyo. Kutoa 4 hakubadilishi umraba wa namba, kwa kuwa 4 yenyewe ni mraba. Ukifika mahali bado ni shufwa lakini 4 haiingii tena, imeshafeli. Ukifika kwenye witiri, hiyo witiri lazima iache baki 1 ukiigawa kwa 8. Kwa nini? Namba witiri ni 2k + 1, na mraba wake ni 4k(k + 1) + 1. Kati ya k na k + 1, ambazo zimefuatana, moja lazima ni shufwa, kwa hiyo 4k(k + 1) ni kigawe cha 8. Hakuna mraba witiri unaokwepa hili.

54756 ÷ 4 = 13689. Kwa 8 huangaliwa tarakimu tatu za mwisho tu: 689 = 8 × 86 + 1. Imepita. 54796 ÷ 4 = 13699, na 699 = 8 × 87 + 3. Imeanguka. Mistari miwili, bila kuigusa 7 wala 19.

Ila shika sana jambo hili: chujio halisemi "ndiyo" kamwe. Linasema "hapana" au linanyamaza. 54756 imepita machujio yote matatu na bado hatujathibitisha kitu. Anayeandika kwenye jibu lake "inaishia na 6, kwa hiyo ni mraba" amegeuza kanuni kichwa chini.

Nguvu ya machujio huonekana pale unapokuwa na namba nyingi za kupima, kwa sababu miraba ni adimu: kuanzia 1 hadi 1000000 iko 1000 tu, mmoja katika kila elfu. Pierre de Fermat wa Ufaransa alilijua hili vizuri. Karibu mwaka 1643 alieleza namna ya kuivunja 2027651281 kwa kutafuta mraba ambao ukiutoa namba hiyo unabaki mraba mwingine. Alianza na 45030², akatoa, akabaki na 49619. Hakutafuta kipeuo chake: mraba hauishii na 19, akaendelea mbele. Alipofika 45041² akabaki na 1040400, ambayo ni 1020². Jumla na tofauti ya 45041 na 1020 zikampa vigawo vyake: 46061 na 44021. Hatua 12, nyingi zikimalizwa kwa kutupia jicho tarakimu za mwisho. Linganisha na kugawa kwa kila namba tasa hadi elfu arobaini na kitu.

Kutafuta kipeuo chenyewe

Njia ya tatu ndiyo ya moja kwa moja: tafuta kipeuo cha pili, uone kama kinatoka kizima.

Kwa kichwa, ninaanza na kubana. 54756 iko kati ya 230² = 52900 na 240² = 57600. Inaishia na 6, kwa hiyo kipeuo kinaishia na 4 au 6: ni 234 au 236. Kati yao kuna 235, na mraba wa namba inayoishia na 5 ni rahisi kupita kiasi: zidisha 23 kwa inayoifuata, 24, upate 552, kisha bandika 25. Ni 55225. Namba yetu ni ndogo kuliko hiyo, basi kama ni mraba, ni wa 234. Hilo "kama" ni la lazima. Ukiipitisha 54796 njia hiihii inakuletea 234 vilevile! Lazima umalizie kwa kuzidisha: 234 × 234 = 54756. Usiporuka hatua hiyo, njia hii ni nzuri mno.

Kwa karatasi, ipo njia ya jozi, ambayo siku hizi wengi hawaijui. Gawanya tarakimu mbili mbili kutoka kulia: 5 | 47 | 56. Mraba mkubwa usiozidi 5 ni 4, andika 2, baki 1. Shusha 47, inakuwa 147. Maradufu ya 2 ni 4; tafuta tarakimu ya kuweka ili 4_ × _ isizidi 147: 43 × 3 = 129, baki 18. Shusha 56, inakuwa 1856. Maradufu ya 23 ni 46: 464 × 4 = 1856. Baki sifuri, jibu 234.

Fanya hivyohivyo kwa 54796, mwisho utakuwa na 1896, utatoa 1856, na kubaki 40. Hapa ndipo njia hii inapozipita zile mbili: haikuambii tu kwamba namba si mraba, inakuambia imeuzidi mraba wa 234 kwa 40. Na ile 1018081 iliyotutesa? Jozi ni 1 | 01 | 80 | 81. Kipeuo kinaanza na 1, kinafuatiwa na 0 na 0, kisha 2009 × 9 = 18081, baki sifuri: 1009. Mistari minne badala ya majaribio 169.

(Ipo pia ya kutoa namba witiri kwa mfululizo, 1, 3, 5, 7, hadi ufike sifuri. Inapendeza kuionyesha kwa 36. Kwa 54756 utatoa mara 234. Muda huo sina.)

Sasa utasema, si nibonyeze tu alama ya kipeuo kwenye kikokotoo? Bonyeza, ila ujue kinaishia wapi. Programu nyingi huhifadhi namba kwa mfumo wa nukta inayoelea (floating point) wa biti 64, ambao unaweza kushika kila namba nzima kwa usahihi hadi 9007199254740992 tu. Ipe programu ya namna hiyo 9999999999999999, yaani tisa kumi na sita. Itaifanya kuwa 10000000000000000 kimyakimya, na kipeuo kitatoka 100000000, kizima, kisafi, bila hata nukta. Uongo mtupu. Namba inaishia na 99, makumi witiri pamoja na 9, na tumeshaona mraba hauishii hivyo. Chujio la kitoto limeikamata mashine! Anayeandika programu atumie kipeuo cha namba nzima (Python inacho, kinaitwa isqrt, tangu toleo la 3.8 la 2019), kisha azidishe kurudi nyuma na kulinganisha.

Kwa hiyo kwa swali la mraba au si mraba, mpangilio wangu ni huu: chuja kwanza, ikipita tafuta kipeuo, zidisha kuhakiki. Kuvunja hakumo.

Swali likibadilika

Mitihani na mafumbo, hata hivyo, hayaulizi sana "ni mraba?". Yanauliza vitu kama: 2352 izidishwe kwa namba gani ndogo kabisa iwe mraba? Kipeuo cha 2352 ni 48.497 na ushee, na desimali hizo hazikuambii lolote. Chujio linasema si mraba, ambacho ulishaambiwa. Vunja: 2⁴ × 3 × 7². Tatu iko peke yake. Izidishe kwa 3 upate 7056, ambayo ni 84². Au igawe kwa 3 upate 784, ambayo ni 28². Swali limekwisha kabla hujakaa sawa kwenye kiti.

Au hili, ambalo linawaangusha hata wanaojua: n² inagawanyika kwa 72, n yenyewe lazima igawanyike kwa ngapi? Mmoja atasema 72. Si kweli: 12² = 144 inagawanyika kwa 72, na 12 haigawanyiki kwa 72. Mwingine atasema 6, kwa kuwa ndani ya 72 mraba mkubwa ni 36. Ni kweli 6 lazima iwemo, lakini haitoshi; 6² = 36 haigawanyiki kwa 72. Vunja: 72 = 2³ × 3². Ndani ya n² kipeo cha 2 lazima kifike 3, lakini katika mraba hakiwezi kuwa 3, lazima kiwe 4 au zaidi. Kwa hiyo ndani ya n kiko angalau 2. Kipeo cha 3 kiko angalau 1. Jibu ni 4 × 3 = 12, na papo hapo unajua n² haiishii kwenye 72, inagawanyika hadi kwa 144. Utaratibu ni kugawa kila kipeo kwa nusu na, kisipogawanyika sawasawa, kukipandisha juu. Kwa 30 = 2 × 3 × 5 kila kipeo ni 1, nusu yake inapanda kuwa 1, kwa hiyo n lazima igawanyike kwa 30 nzima, na n² kwa 900.

Na kuna namba zinazokujia zikiwa zimeshavunjika nusu. Je, 35 × 45 × 63 ni mraba? Anayekimbilia kuzidisha atapata 99225 na kuanza upya kutafuta kipeuo. Anayetazama vigawo ataona tano mbili, saba mbili, tatu nne, na atasema ni mraba wa 315 bila kuzidisha tatu hizo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi 100. Lina tarakimu 158, kikokotoo cha kawaida kitakuonyesha chache za mwanzo tu. Linaishia na sifuri 24, na 24 ni shufwa, kwa hiyo chujio la sifuri linaliachia. Lakini itafute 97 ndani ya zao hilo: imo mara moja, kwa sababu kigawe chake kinachofuata ni 194, ambacho hakimo. Si mraba.